Mshairi Asiyejua Vitufe Huvunja Beti Zake

Wapo washairi wasemao kuwa vitufe vya kipakatalishi ni shauri la mafundi, na kwamba kazi ya mshairi ni vina, mizani na maana. Naipinga kauli hii. Achapaye shairi lake kwa mkono wake hana mpiga chapa wa kumsitiri.

Nianze na ritifaa. Ina kitufe chake, upande wa kulia, jirani na Enter. Wengi hukiruka wakidai msomaji ataelewa tu. Ataelewaje? Tazama kipande hiki cha mizani nane: “Ng'oa ndani mwako ngoa.” Neno la kwanza ni amri ya kung'oa, la mwisho ni wivu na tamaa. Ondoa ritifaa, utabaki na ngoa mbili na wosia uliokufa. Mizani haikupungua, ila maana imekwenda. Kwetu ritifaa si pambo, ni sehemu ya herufi.

Najibiwa kuwa vitufe hivi si vyetu. Kweli, mpangilio wake ulianzia kwenye taipureta ya Christopher Latham Sholes, huko Marekani, miaka ya 1870. Q na X zimepewa nafasi ilhali maneno yetu hayazihitaji, na ng' haina kitufe chake. Hiyo ni sababu ya kujifunza, si ya kusamehewa.

Umbo nalo laharibika. Wengine hutenga ukwapi na utao kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara kumi. Herufi hazilingani upana, hivyo utao hupinda kama safu ya walevi. Tab, ikiwekewa kituo kimoja, huupanga utao wa kila mshororo mahali pamoja. Wengine humaliza kila mshororo kwa Enter; programu nyingi huhesabu hiyo kuwa aya mpya na kuacha pengo, ubeti mmoja ukaonekana beti nne. Shikilia Shift, kisha bonyeza Enter: mshororo hushuka, ubeti hubaki mmoja.

Twagombana kama chombo hiki kiitwe kompyuta au tarakilishi, huku ritifaa ikifa vidoleni mwetu. Jina na lisubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka beti timamu naye aviinamie vitufe.