Jasusi na Chafya ya Nuksi
Anayedhani wimbo wa mhusika lazima uanze na mhusika mwenyewe amtazame James Bond. Monty Norman alipopewa kazi ya kutunga muziki wa filamu ya jasusi huyo, Dr. No, iliyotoka mwaka 1962, alirudia wimbo wake wa zamani uliokuwa umelala tu. Aliutunga kwa ajili ya mchezo wa jukwaani uliotokana na riwaya ya V. S. Naipaul, A House for Mr Biswas, kuhusu Mhindi wa Trinidad anayehangaika apate nyumba yake. Ulikuwa na mahadhi ya Kihindi, na mwimbaji wake, masikini, analalamikia chafya yake ya nuksi! Kisha John Barry akaupanga upya: gitaa la umeme la Vic Flick likadonoa noti fupifupi kwenye nyuzi nene, tarumbeta zikapasua, na yule mnyonge akawa muuaji mwenye suti. Gazeti la Sunday Times lilipoandika kwamba mtunzi ni Barry, Norman alilishtaki London, na mwaka 2001 akashinda fidia ya pauni 30,000. Haki yake, melodia ni yake. Ila Bond ninayemsikia mimi yumo kwenye lile gitaa.