Kiingereza cha Mwisho wa Juma

Wanafunzi wapenzi wa Butembo na Beni, Kifaransa tunachofundishwa shuleni husema “le week-end” pasipo kihusishi. Kiswahili nacho husema “Jumamosi nitakuja”, na yatosha. Bali avukaye mpaka wa Kasindi kwenda kununua bidhaa Uganda hukuta Kiingereza, nacho hudai neno dogo mbele.

Waingereza husema “at the weekend”, Wamarekani “on the weekend”. Yote mawili ni sahihi. Ila Uganda ilirithi Kiingereza cha Uingereza. Siku ikitajwa kwa jina lake, tumieni “on”: “on Saturday”, “on Sunday”.

Jihadharini na “by the weekend”. Maana yake ni kabla ya Jumamosi kufika. Ukimwandikia mwuzaji wa Kasese kwamba utalipa “by the weekend”, yeye atakungoja Ijumaa. Ukifika Dominika jioni, atakuhesabu mwongo, nawe hukukusudia uongo. Ungaliandika “over the weekend”, yaani katika siku hizo mbili, asingalikulaumu.

Neno ni dogo, lakini ahadi ni deni, na Mkristo hulipa deni lake kwa wakati. Tena Dominika Misa itangulie, biashara ifuate.