Sufuria, Mtungi na Dumu la Maji

Mama wa nyumbani mjini Juba anunuaye maji ya Mto Nile kutoka kwenye magari ya tangi hana budi kuyachemsha kabla ya kunywa. Mwaka 2014 kipindupindu kiliukumba mji huo, kikarudi mwaka 2015, na tena mwaka 2016. Maji hayo humpitisha katika vyombo vitatu: sufuria ya alumini, mtungi wa udongo na dumu la plastiki. Kwa nini vyombo hivyo havistahimili moto sawasawa? Jibu limo katika muungo, yaani namna chembe ndogo mno ziitwazo atomi zinavyoshikana.

Katika alumini, kila atomi huachia baadhi ya elektroni zake, nazo huzunguka kotekote kama mali ya ujamaa. Elektroni hizo hubeba joto upesi, ndiyo maana sufuria huunguza mkono hata ukingoni. Atomi zenyewe zaweza kuteleza bila kuachana. Kwa hiyo sufuria ikianguka hubonyea tu, na fundi huinyoosha kwa nyundo.

Mtungi uliochomwa una tabia nyingine kabisa. Humo atomi za silikoni na oksijeni zimefungamana pande zote mfano wa wavu mgumu, wala hazina nafasi ya kuteleza. Moto wa jikoni hauuyeyushi, lakini ukidondoka, basi tena. (Ubaridi wa maji yake ni jambo jingine: maji hupenya vinyweleo, hukauka nje, na kuondoka na joto.)

Lakini dumu ndilo la kuangaliwa zaidi. Plastiki yake, polietilini, ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Ndani ya mnyororo mmoja atomi zimeshikana imara. Baina ya mnyororo na mnyororo nguvu ni hafifu. Maji yachemkayo, nyuzi 100 za Selsiasi, hulilegeza dumu likapinda, na kwenye nyuzi 130 hivi huyeyuka. Alumini hungoja hadi nyuzi 660.

Basi, mama, usiyahamishe maji yakiwa yanachemka. Yaache yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, ndipo uyamimine katika dumu lililooshwa kwa sabuni. Wengi hulisugua dumu kwa kulitikisa na mchanga; mchanga huikwaruza plastiki, na uchafu hujificha katika mikwaruzo hiyo. Ukipenda mtungi, ufunike, na uchote kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji.