Waifai ya bure: kufuli iko wapi?

Serikali iliahidi kuweka vituo 25,000 vya waifai ya umma kote nchini. Ni jambo la kheri, ila sisi wa Pwani tufahamu tunachojiunga nacho.

Jina la mtandao linalotokea kwenye simu si ithibati. Yeyote aweza kuliiga. Mtandao usioitisha nenosiri kwa kawaida hauna kufuli, na kinga inayobaki ni ya programu unayotumia.

Kufuli nazo hutofautiana. WEP ilivunjwa tangu 2001. WPA2, ya mwaka 2004, yafaa nyumbani iwapo nenosiri ni refu. WPA3, ya 2018, ni imara zaidi.

Wanaotuwekea vituo watwambie wametumia ipi. Hadi hapo, mambo ya pesa tumia bando lako.