Mcheza kwao hutunzwa, asipotunzwa je?

UMBILO, Durban

KILA linapotangazwa jina la wachezaji walioitwa kwenye timu ya taifa ya DR Kongo, mabishano yaleyale huanza upya. Huanzia Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu, na hayachelewi kufika huku Umbilo, kwenye saluni na vibaraza ambako Wakongo wa Durban hukutana baada ya kazi. Fulani kaitwa, hakuja. Fulani wazazi wake ni wa kwetu, lakini anaichezea Ubelgiji. Mwingine kasema ameumia, mbona Jumamosi alionekana uwanjani na klabu yake? Baada ya hapo neno linalofuata ni moja tu: msaliti.

Sisi tunasema neno hilo limetumika ovyo kwa muda mrefu mno. Kuuliza kama mwanamichezo nyota ana deni kwa nchi yake ni haki, na swali hilo linahitaji jibu. Lakini deni lina pande mbili. Anayedai lazima naye afungue daftari lake, tuone kama yeye amelipa.

Tuanze na kanuni, maana wengi hawaijui. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji aliyesajiliwa na klabu, akiitwa na shirikisho la nchi anayostahili kuichezea, kwa kawaida anapaswa kuitikia wito. Akikataa, anaweza kuzuiwa kuichezea klabu yake kwa kipindi hicho. Kwa hiyo kwa upande wa sheria jibu lipo. Ila sheria hiyo imeandikwa ili kuamua ugomvi kati ya klabu na mashirikisho. Haituambii kama mtu huyo kweli anadaiwa kitu na nchi yake, wala nchi hiyo ni nani hasa: ni serikali, ni viongozi wa shirikisho, au ni wale watu wanaokaa kwenye jua kuangalia mpira?

Hapa Afrika Kusini tunalo jina moja ambalo kila mwenye kutaka kuhubiri uzalendo wa jezi angepaswa kulitaja kwanza. Ni Ndaye Mulamba.

Machi 1974, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizofanyika Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika mashindano yale peke yake. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha kwa sare ya 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya fainali hizo mbili alifunga yeye. Hakuna mtu wa kumwambia Ndaye Mulamba kwamba hakulipa deni lake kwa nchi.

Je, nchi ilimlipa? Mwaka 1994 Shirikisho la Soka la Afrika lilimwita Tunisia kumpa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia na kumpiga risasi, na mwanawe mmoja akauawa. Akakimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kumwombea kwa sababu zilikuwa zimeenea habari kwamba amekufa. Alikuwa hai. Alikuwa akiishi Cape Town, ambako alifanya kazi ya kulinda magari ya watu kwenye maegesho na kufundisha timu ndogo za mtaani. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na umri wa miaka 70.

Ndugu zetu wengi hapa Durban wanaifahamu kazi ile ya kulinda magari, maana ndiyo wanayoifanya. Wanajua maana ya kusimama mchana kutwa kwenye jua ukisubiri sarafu kutoka kwa mtu asiyejua wewe ni nani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ndaye alicheza kwao, akacheza kuliko wote, na aliyemtunza uzeeni ni jirani wa kitongoji cha ugenini.

Wako watakaosema hilo ni jambo la mtu mmoja aliyekuwa na bahati mbaya. Si kweli. Wenzake wa kikosi kilekile walikwenda Ujerumani Magharibi miezi michache baadaye, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Walifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazil. Dunia mpaka leo inacheka picha ya Mwepu Ilunga akitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu uliokuwa wa Brazil, kana kwamba hakujua sheria za mchezo. Mwepu alieleza miaka mingi baadaye kwamba sheria alizijua vizuri sana. Wachezaji walikuwa na hasira kwa sababu fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, na walikuwa wakicheza kwa hofu ya Mobutu. Wakati wa neema walipewa nyumba na magari na kuitwa mashujaa. Walipofungwa, wakasahauliwa. Utawala uleule haukuwa ukiwaruhusu kwenda Ulaya kucheza kwa malipo.

Na mambo haya hayakuisha na Mobutu. Januari 2013 Leopards walikuja hapa Afrika Kusini kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kabla hata ya kupiga mpira wa kwanza kulikuwa na mgomo wa mazoezi kuhusu posho. Tarehe 28 Januari walicheza na Mali hapa Durban, uwanja wa Moses Mabhida, wakatoka sare 1-1 na kuaga mashindano. Tusidhani ni ugonjwa wa Kongo pekee. Mwaka 2014 Ghana ililazimika kusafirisha dola zaidi ya milioni 3 taslimu kwa ndege hadi Brazil ndipo wachezaji wake watulie. Mchezaji anayedai alipwe kwa fedha mkononi si mlafi. Ni mtu aliyekwisha kudanganywa.

Sasa tuje kwa wale walioondoka, au ambao wazazi wao waliondoka. Pierre Kompany alizaliwa Bukavu. Mwaka 1975 alikimbia utawala wa Mobutu na kupata hifadhi Ubelgiji. Mwanawe Vincent akazaliwa huko, akaichezea Ubelgiji miaka mingi na kuwa katika kikosi kilichoshika nafasi ya tatu kwenye Kombe la Dunia la 2018. Mwaka huohuo baba yake alichaguliwa kuwa meya wa Ganshoren, mtu mweusi wa kwanza kupata cheo hicho nchini Ubelgiji. Nani kati yetu ana uso wa kumwambia Vincent Kompany kwamba alikuwa na deni kwa dola iliyomfukuza baba yake?

Upande wa pili yuko Axel Tuanzebe. Alizaliwa Bunia, Ituri, akalelewa Uingereza na kuzichezea timu za vijana za nchi hiyo. Mwaka 2024 akaamua kuichezea DR Kongo. Aaron Wan-Bissaka, mzaliwa wa London, akafuata mwaka 2025. Novemba mwaka huo Leopards wakaitoa Nigeria kwa penalti mjini Rabat katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, na hapa Umbilo furaha ilikuwa ya watu waliokosa sababu ya kufurahi kwa muda mrefu. Vijana hawa tunawashukuru. Lakini tunawashukuru kwa sababu wametoa zawadi. Mtu hashukuriwi kwa namna ile kwa kulipa kodi.

Ni kweli kwamba si kila anayebadili jezi ni mtoto wa mkimbizi. Majirani zetu wa Kenya wanalijua hili kuliko sisi. Mwaka 2003 Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huohuo akashinda ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji jijini Paris. Kenya ikakataa kulegeza masharti ili aweze kukimbia Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Ilikuwa haki yake. Wakenya wakachukua medali zote tatu, na siku kumi baadaye Shaheen akavunja rekodi ya dunia mjini Brussels kwa kutumia dakika 7 na sekunde 53.63. Miaka ishirini ikapita, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024 medali ya dhahabu ya mbio hizohizo kwa wanawake ilichukuliwa na Winfred Yavi, mzaliwa wa Makueni, akiwa na jezi ya Bahrain. Kumzuia Shaheen hakukuziba mlango. Wanariadha hawaachi kuondoka kwa sababu wametukanwa. Wataacha pale watakapoona kwamba nyumbani kuna njia ya kupanda na mkate wa uzeeni.

Hoja nzito zaidi dhidi yetu ni ya mchezaji aliyelelewa nyumbani. Huyu alifundishwa bure na kocha asiye na mshahara, akala kwa majirani, akachangiwa viatu na mtaa mzima kabla klabu kubwa haijamwona. Je, huyu naye hadaiwi? Anadaiwa, tena sana. Lakini tuangalie nani anamdai. Ni yule kocha, ule mtaa na wale watoto waliobaki kwenye kiwanja kilekile cha vumbi. Deni lake ni kwa watu. Anaweza kulilipa kwa kuvaa jezi ya taifa, na anaweza kulilipa kwa kujenga kiwanja, kulipia watoto shule au kusema neno pale wengine wanapoogopa kusema.

Tuliliona hilo tarehe 7 Februari 2024 mjini Abidjan. Kabla ya nusu fainali dhidi ya Ivory Coast, wakati wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wa Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bastola. Walikuwa wanaiambia dunia: watu wanauawa mashariki ya Kongo nanyi mmenyamaza. Mechi walipoteza kwa 1-0. Lakini sisi tunaotoka mashariki, ambao tumezika ndugu zetu kwa simu, tunajua ishara ile ilikuwa na thamani gani. Hakuna waziri aliyewaamrisha kuwa na uchungu ule. Ulikuwa wao, nao wengi wao wamezaliwa au kukulia Ulaya.

Ndiyo maana tunaona aibu kubwa katika jambo hili linalofuata. Katiba ya DR Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauwezi kuchanganywa na mwingine. Kijana mwenye pasi ya Ulaya akiwa hodari wa kufunga mabao, hakuna anayemsomea ibara hiyo. Hupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma. Lakini mama yake mdogo aliyechukua uraia wa ugenini ili watoto wake waishi kwa amani, yeye kwa sheria ile si Mkongo tena. Nchi haiwezi kumtaka mpwa kwa ajili ya miguu yake na kumkataa mama kwa sababu hana cha kuchezea.

Wala tusiambiwe kwamba fedha hakuna. Mwaka 2025 serikali ilitia saini mkataba na Barcelona ili jina la nchi liwekwe kwenye jezi za mazoezi za klabu hiyo, mkataba ambao vyombo vya habari viliripoti kuwa ni zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne. Tujiulize ni wazee wangapi wa 1974 wangeweza kutunzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Kwa maoni yetu, mambo manne yafanyike kabla ya mtu yeyote kuitwa msaliti. Kwanza, posho na bonasi ziandikwe na kutangazwa kabla ya kambi kuanza, na zilipwe kupitia benki. Pili, mchezaji anayeumia akiwa na jezi ya taifa atibiwe na taifa, hata kama klabu yake ni ya Kindu au Uvira. Tatu, uwepo mfuko wa wachezaji wa zamani, wakiwemo walio uhamishoni. Nne, ibara ya uraia mmoja irekebishwe, kwa wote na si kwa nyota pekee.

Wachezaji nao tunawaambia hivi. Tangu mwaka 2020 FIFA imelegeza kanuni za kubadili nchi, na wapo wanaoitumia nafasi hiyo kukaa nusu huku nusu kule wakisubiri Ufaransa au Ubelgiji iwaite. Huo si uungwana. Ukiitwa, jibu. Kama hutaki, sema hutaki, nasi tutakuheshimu. Ukisema ndiyo, njoo mzima mzima, usije kujificha nyuma ya jeraha la uongo.

Huku Umbilo watoto wetu wanacheza mpira kila jioni, wakipiga kelele kwa Kizulu, Kiingereza na Kiswahili. Huenda mmoja wao siku moja ataitwa na Bafana Bafana, na siku hiyohiyo akaitwa na Leopards. Mzazi hataweza kumwamrisha. Atakachoweza ni kumweleza historia ya Ndaye Mulamba yote, mabao 9 na maegesho ya magari, kisha kumwacha aamue. Kama Kongo inataka kijana huyo achague nyumbani, iyarekebishe mambo hayo sasa, angali mdogo. Dawa ya deni ni kulipa.