Wadukuzi wasizijue seva kuliko wenye seva

Tarehe 7 Machi 2017, Apache Software Foundation ilitangaza kwamba Apache Struts, programu inayotumiwa na kampuni nyingi kubwa kuendeshea tovuti, ina mwanya mbaya: mtu yeyote aliye kwenye intaneti angeweza kuipa seva amri zake bila nenosiri. Sasisho la kuuziba mwanya huo lilikuwa tayari. Kesho yake US-CERT, kitengo cha serikali ya Marekani cha dharura za kompyuta, kilitoa tahadhari iliyoifikia pia Equifax ya Atlanta, kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo za mamilioni ya watu. Tarehe 9 barua pepe ilitumwa kwa wafanyakazi zaidi ya 400: kila mwenye Struts aisasishe ndani ya saa 48. Tarehe 10, saa hizo hazijaisha, mtu alikwishafika kwenye seva mojawapo ya kampuni na kuiandikia amri fupi ambayo kazi yake ni kuuliza: mimi ni nani humu? Seva ikamjibu.

Uchotaji wenyewe ulianza tarehe 13 Mei na ukaendelea kwa siku 76. Wadukuzi walikuta faili lenye majina ya kuingilia na maneno ya siri ambayo hayakufichwa kwa namna yoyote. Kwa hayo wakafungua hifadhidata nyingine kadhaa na kuziuliza maswali yapatayo 9,000. Walipomaliza walikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu karibu milioni 147.

Kilichowafichua hakikuwa ujanja wa mtu. Equifax ilikuwa na kifaa cha kuyafungua na kuyakagua mawasiliano yaliyofumbwa, lakini cheti cha dijitali cha kifaa hicho kilikuwa kimeisha muda miezi mingi nyuma, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kikipita bila kutazamwa. Usiku wa tarehe 29 Julai mafundi walikiweka cheti kipya, na papo hapo wakaona data ikielekea kusikoeleweka. Siku iliyofuata mfumo ukafungwa. Mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa fidia na faini zinazoweza kufika dola milioni 700.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kwa sentensi moja: Equifax walizembea kusasisha. Ni kweli, ila haitoshi. Onyo lilitoka, barua ikatumwa. Tarehe 14 Machi mafundi waliandika kanuni ya kutambua mashambulizi ya Struts, na tarehe 15 waliikagua mitandao yao kwa programu maalumu, wasione kitu. Mfumo uliokuwa wazi, wa kupokea malalamiko ya wateja, ulikuwapo muda wote huo na ukaguzi ukaupita. Kampuni haikuwa na orodha kamili ya seva zake wala ya programu zilizomo ndani yake. Mgeni aliifahamu sehemu ile vizuri kuliko waajiriwa waliolipwa kuilinda.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo, na ndipo taasisi nyingi zinapotazama pembeni. Nguvu, fedha na hofu zinaelekezwa kwa anayechungulia, huku kinachochunguliwa hakijaandikwa popote.

Kuchungulia kwenyewe si jambo jipya wala si tukio la ajabu. Mwaka 1986 Clifford Stoll, mwanafalaki aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alipewa kazi ya kutafuta senti 75 zilizopungua kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta. Senti hizo zilimpeleka hadi kwa mdukuzi aliyekuwa Hannover, Ujerumani, akiuza alichokipata kwa wapelelezi wa Kisovieti. Stoll alimfuatilia kwa miezi na kuona alivyojaribu kuingia kwenye kompyuta zipatazo 450, akafaulu kwenye zaidi ya 30. Mtu yule hakuwa na kipaji cha kutisha. Alikuwa mvumilivu: alijaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo hayakubadilishwa na mianya ambayo tayari ilikuwa ikijulikana, mashine moja baada ya nyingine, kwa mkono.

Leo uvumilivu huo umeachiwa programu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu iliyoweza kuzipitia anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4, zinazokaribia bilioni nne na robo, kwa muda usiofika dakika 45, ikitumia kompyuta moja tu. Tangu hapo hakuna seva iliyojificha kwa sababu ya udogo wake. Tovuti ya shule ya sekondari huko Njombe na ya benki kubwa Nairobi zinapigiwa hodi na programu zilezile, siku ileile, bila anayepiga kujua wala kujali mwenye nyumba ni nani.

Ndiyo maana takwimu za mashambulizi zinazotangazwa kwa kishindo hazimwambii mwananchi mengi. Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huhesabu matukio ya vitisho vya mtandaoni kwa mamia ya mamilioni, mara nyingine kwa mabilioni. Idadi hizo zinaonyesha kelele iliyoko nje. Hazisemi ni seva ngapi zilizojibu.

Fundi anayejua kazi yake hulitafuta jibu hilo kwenye kumbukumbu za seva. Akizifungua asubuhi yoyote atakuta maombi ya ukurasa wa kuingilia WordPress kwenye seva isiyo na WordPress. Atakuta watu wakiomba faili liitwalo “.env”, ambamo waandishi wa programu huweka maneno ya siri ya hifadhidata. Mengi ya maombi hayo yatakuwa na namba 404 pembeni, yaani kilichoombwa hakipo. Mistari elfu moja ya 404 haistahili kumnyima mtu usingizi. Mstari mmoja wenye namba 200 mbele ya “.env”, yaani kimeombwa na kimetolewa, unatosha kumwamsha mkurugenzi saa nane za usiku.

Dalili nyingine huonekana ndani ya mashine yenyewe. Programu ya tovuti ambayo kazi yake ni kutoa kurasa haina sababu ya kuuliza “mimi ni nani humu”. Folda ya kupokelea picha za wateja haipaswi kuzaa faili la msimbo. Akaunti mpya ya msimamizi iliyofunguliwa Jumapili usiku inahitaji maelezo. Na zaidi ya yote ni mawasiliano yanayotoka: seva ya tovuti hupokea wito na kuujibu, kwa hiyo ikianza yenyewe kutafuta mashine ya mbali isiyofahamika, kuna jambo. Kuzifungia anwani za wanaojaribu kuingia, kazi ambayo programu kama Fail2ban huifanya bila kuchoka, hupunguza kelele tu. Mdukuzi mwenye anwani elfu hapotezi chochote akifungiwa mia.

Lakini dalili hizo zote zinamfaa anayejua kawaida ya seva yake. Asiyejua kawaida hawezi kuona kisicho cha kawaida.

Desemba 2021 ilitoa ushahidi mkubwa zaidi wa hoja hii. Log4j ni kipande cha programu kinachotumika kuandika kumbukumbu za kila kinachopita kwenye mfumo, na kimo ndani ya maelfu ya programu nyingine. Mhandisi wa Alibaba Cloud aligundua, mwishoni mwa Novemba, kwamba maneno fulani yakiandikwa mahali popote ambapo Log4j itayanakili, hata kwenye jina la kuingilia, seva huenda kuchukua msimbo kwa mgeni na kuutekeleza. Habari ilipotoka hadharani, wachunguliaji walianza kuyapachika maneno hayo kila mahali: kwenye visanduku vya kutafutia, kwenye majina ya vivinjari, hata kwenye gumzo la mchezo wa Minecraft. Ukali wa mwanya huo ulipewa alama 10 kwa 10.

Sasisho lilipatikana upesi. Kilichowachosha watu ni swali la kitoto: Log4j iko wapi kwetu? Wengi hawakuwahi kuinunua wala kuiweka. Ilikuja ndani ya bidhaa za wengine. Bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza tukio hilo ilieleza mwaka 2022 kwamba wizara moja ya nchi hiyo ilitumia saa 33,000 za kazi kulishughulikia, na kwamba mwanya huo huenda ukabaki kwenye mifumo kwa miaka kumi au zaidi. Saa hizo hazikuliwa na mapambano na wadukuzi. Sehemu kubwa ya kazi ya namna hii ni wenye mali kutafuta mali yao.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni ya nchi tajiri, na kwamba halmashauri au hospitali ya wilaya yenye fundi mmoja haiwezi kukimbizana na kila mwanya. Ana haki upande mmoja. Mwaka 2024 pekee mianya mipya iliyopewa namba rasmi ilikaribia 40,000, na hakuna anayeisoma yote. Lakini inayotumiwa na wadukuzi kweli ni sehemu ndogo. Tangu Novemba 2021 shirika la CISA la Marekani limekuwa likichapisha bure orodha ya mianya iliyothibitika kutumiwa. Jumla yake kwa miaka yote ni elfu moja na ushei. Shadowserver, asasi isiyo ya faida, huikagua intaneti kila siku na kuwapelekea wenye mitandao na vituo vya kitaifa ripoti bila malipo, ikiwaonyesha kilichoachwa wazi. Fundi mmoja mwenye orodha ya seva zake ana uwezo wa kuilinganisha na orodha hizo. Asiye nayo hana cha kulinganisha, hata angenunuliwa mitambo ya bei gani.

Upande wa kuchukua hatua nao una kosa linalojirudia: mwanya ukizibwa, watu hudhani na mgeni ametoka. Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft ilitoa masasisho ya seva za barua pepe za Exchange, wakati wadukuzi wakiwa tayari wanaitumia mianya hiyo. Waliosasisha walifunga njia ya kuingilia, ila waliokwishaingia walikuwa wameacha faili dogo la kuwarudisha ndani wakati wowote. Aprili mwaka huo FBI ilipata kibali cha mahakama cha kuyafuta mafaili hayo kwenye mamia ya seva za watu binafsi na kampuni ndani ya Marekani, kwa kuwa wenyewe hawakuwa wameyaondoa.

Kwa hiyo seva iliyojibu isifutwe haraka, wala isizimwe na kuwashwa kana kwamba hitilafu ni ya umeme. Itengwe na mtandao. Nakala ya diski na ya kumbukumbu zake ihifadhiwe mahali pengine, kwa sababu humo ndimo mna majibu ya maswali matatu: aliingia lini, kwa njia gani, na aligusa nini. Maneno ya siri na funguo zote zilizokuwa humo zihesabiwe kuwa zimeibwa na zibadilishwe. Baada ya hapo seva ijengwe upya kutoka kwenye nakala safi iliyotangulia siku ya kuingiliwa. Siku hiyo mara nyingi iko nyuma sana kuliko watu wanavyofikiri; Equifax ilikuwa imetembelewa tangu Machi.

Kuripoti ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale data binafsi inapofikiwa na asiyehusika na kuna hatari ya kuwadhuru wahusika. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022. Vituo vya kupokea taarifa vipo: KE-CIRT/CC Nairobi na TZ-CERT Dar es Salaam. Mahali panapovuja ni kabla ya hapo. Kijana anayekuta kwa bahati kwamba tovuti ya taasisi ya umma inamwaga faili zake mara nyingi hana pa kupeleka habari kwenye taasisi yenyewe, na anahofia kwamba akisema atageuzwa mtuhumiwa chini ya sheria za makosa ya mtandao. Tangu Aprili 2022 kuna mwongozo wa kimataifa, RFC 9116, unaoeleza jinsi tovuti inavyoweza kuweka faili dogo lenye anwani ya kupokelea taarifa za namna hiyo. Kuliandika hakuzidi dakika kumi. Linapaswa kuwa sharti kwa kila tovuti ya serikali, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba anayeripoti kwa nia njema, bila kuchukua wala kuharibu, hatashtakiwa.

Na vituo vya kitaifa vibadilishe vinachokihesabu. Badala ya kila robo mwaka kutangaza mamilioni ya vitisho, vichapishe takwimu mbili: asilimia ya taasisi za umma zilizowasilisha orodha kamili ya seva zao, na wastani wa siku ambazo taasisi hizo zilichukua kuziba mwanya tangu ulipotangazwa. Majina yanaweza kubaki siri ili wadukuzi wasipewe ramani. Wabunge wanaopitisha bajeti za mifumo hii wangepata cha kuuliza, na katibu mkuu ambaye wizara yake ina seva zisizo na mwenyewe angelazimika kumtaja mwenyewe kabla ya kuomba fedha za mtambo mwingine.