Biriani ya Soo Tatu: Kibandaski cha Muhindi Kinajua Uchumi wa Kenya Kuliko Wachumi wa TV

Wasee, tuambiane ukweli. Wiki ya kwanza ya mwezi kila mtu Nairobi ni mkubwa wa pizza na kuku wa ndoo. Tarehe kumi na tano ikifika, doh imeisha, na hapo ndio unakumbuka ile joint ndogo ya Wahindi ama Wapakistani kule Ngara, Pangani, Parklands ama chini River Road. Meza mbili, viti vinne, kaunta ya kioo imejaa sambusa na bajia, feni inalia kwa dari. Hakuna mhudumu wa kukuletea menyu. Unasimama kwa foleni, unalipa na simu, unasema "ankoli, nifungie biriani na uongeze achari," unaenda zako.

Sasa cheki vizuri ile bodi ya bei pale ukutani. Kuna namba imefutwa, ikaandikwa juu, ikafutwa tena. Penye kulikuwa na soo mbili sasa kuna soo tatu. Ukiuliza ankoli mbona, atakwambia neno moja: "Mchele." Wengi wetu huwa tunadhani ni uongo wa biashara. Si uongo. Hiyo namba imefutwa na watu wako New Delhi, Islamabad, Jakarta na hapa Nairobi kwa maofisi ya serikali, na hakuna hata mmoja wao amewahi kukula hapo.

Kwanza, hii ni dishi yetu ama ni yao?

Kabla mtu aseme "kwani hiyo chakula ya Wahindi inatuhusu nini," angalia mdomo wako unasema nini kila siku. Chapati, sambusa, bajia, biriani, pilau, masala, achari, dengu, hata chai. Sherehe ya mtaa bila chapati si sherehe, ni mkutano.

Wahindi walikuwa wanafanya biashara pwani karne nyingi kabla ya Mzungu. Halafu kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, ile ya kabla haijagawanywa na Pakistan, kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi walirudi kwao, lakini kama elfu sita na kitu hivi walibaki, na wafanyabiashara wakafuata reli wakifungua maduka. Mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kama kabila la 44.

Na chakula hakikukaa kimya. Chipsi masala hutaipata kwa kitabu cha mapishi cha nyanya wa Gujarat, hiyo ni kitu imekuzwa hapa Nairobi. Bajia zetu ni viazi vimekatwa vyembamba na kupakwa unga wa dengu. Kuku paka (hapana, si paka wa mtaa) ni kuku wa nazi wa Wahindi wa Afrika Mashariki. Hata imeenda mbele. Wahindi waliotoka Kenya na Uganda, wengi wao baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka wa 1972, walifika London wakaanza kuuza "mogo" kwa mikahawa yao. Mogo ni nini? Ni muhogo. Neno la Kiswahili liko kwa menyu ya Wembley.

Na jikoni pale Ngara, yule anapika ni nani mara nyingi? Ni mkali fulani kutoka Kakamega ama Machakos ambaye amesimama mbele ya sufuria miaka kumi. Bizari anaipima na mkono, hahitaji kijiko. Kwa hivyo hii dishi ni yetu wote. Na bei yake ni shida yetu wote.

Mchele: hapa ndio kuna siasa

Kenya hatulimi mchele wa kututosha. Tunalima sehemu ndogo tu ya ile tunakula, kubwa ikitoka Mwea kule Kirinyaga. Iliyobaki inakuja na meli, na kwa miaka mingi mchele mweupe wa bei nafuu umekuwa ukitoka Pakistan. Ndio ule uko kwa gunia nyuma ya kaunta. Biriani ya soo tatu haipikwi na basmati ya kwa sanduku, usidanganyike.

Julai 2023, India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati. Walikuwa wanalinda bei kwa watu wao, na hiyo unaeza elewa. Shida ni kwamba India ndio muuzaji mkubwa zaidi wa mchele duniani, karibu asilimia 40 ya soko. Wanunuzi wote waliofungiwa mlango wakakimbilia Pakistan, Vietnam na Thailand, na bei ikapaa kila mahali. Marufuku iliondolewa Septemba 2024. Zaidi ya mwaka mzima. Jiulize bodi ya ankoli ilifutwa mara ngapi hapo katikati.

Sasa ongeza ushuru. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema mchele wa kutoka nje utozwe asilimia 75. Kenya tumekuwa tukiomba ruhusa kila mwaka tutoze asilimia 35. Kwa nini? Chai. Pakistan ndio mteja namba moja wa chai ya Kenya. Tukiwabana kwa mchele, wao watatubana kwa chai, na hapo mkulima wa Kericho ndio atalia. Ni kama barter ya mtaa: nipe mchele, nikupe majani.

Tufanye hesabu ya haraka, namba ni za mfano tu. Sema kilo ya mchele imefika Mombasa ikiwa soo. Ushuru wa 35 unaifanya 135. Ushuru wa 75 unaifanya 175. Tofauti ni shilingi 40 kwa kilo. Sahani moja inakula kama gramu 150 za mchele mkavu, kwa hivyo ni shilingi sita kwa sahani. Unaona kidogo? Joint ikiuza sahani 60 kwa siku, hiyo ni 360. Siku 26 za kazi, 9,360 kwa mwezi. Kwa mahali pana meza mbili, hiyo ni stima na gesi, ama ni nusu mshahara wa mtu mmoja. Shilingi sita.

Mafuta na unga hazijaachwa nyuma

Sambusa bila mafuta ni bahasha. Mafuta mengi ya kupikia hapa Kenya yanatokana na mawese ya Indonesia na Malaysia. Aprili 2022 Indonesia ilifunga uuzaji wa mawese nje kwa karibu mwezi mmoja, wakati huo huo vita vya Ukraine vimeshika ngano. Mafuta juu, unga juu, chapati ikawa nyembamba hadi unaona upande wa pili.

Halafu ikaja Mswada wa Fedha wa 2024, ambao ulikuwa na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mboga na VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Hiyo hatuhitaji kuelezana sana, wengi wenu mlikuwa kwa barabara. Tarehe 25 Juni watu waliingia Bunge, wengine hawakurudi nyumbani, na kesho yake Rais akasema hatausaini. Watu wazima walikuwa wakituuliza "nyinyi mnajua nini kuhusu ushuru?" Tulijua bei ya chapati. Hiyo ilitosha.

Sasa ngoma ngumu: Mwea dhidi ya sahani yako

Hapa ndio story inakuwa ngumu, juu hakuna mtu mbaya wa wazi.

Julai 2025 serikali ilitangaza kwamba tani 500,000 za mchele ziingie bila ushuru hadi mwisho wa Desemba. Kwa msee wa Ngara, hii ni habari tamu. Kwa mkulima wa Mwea ambaye ana mchele kwa stoo na mavuno mengine yanakuja, hiyo ni kuambiwa auze kwa hasara. Kesi ikaenda Mahakama Kuu ya Kerugoya, mpango ukasimamishwa kwa muda, na baadaye korti ikafungua mlango kwa sehemu tu ya mzigo huo.

Na usisahau, serikali ile ile imetumia mabilioni kujenga bwawa la Thiba, lililofunguliwa 2022, ili Mwea walime zaidi. Unamjengea mtu bwawa alime, halafu unaleta meli akivuna. Hata mtoto wa shule anaona hiyo hesabu haiingiani.

Lakini pia usiambie mtu wa mjengo anayekula mara moja kwa siku eti anunue pishori ya Mwea kwa uzalendo. Hawezi. Pishori ni tamu, inanukia vizuri, lakini bei yake ni ya Jumapili. Na kitu ya kuchekesha: ile tunaita pishori ni aina ya basmati, na inasemekana jina lenyewe limetoka Peshawar, Pakistan. Hata mchele wetu wa nyumbani ulikuja na boti.

Kwa maoni yangu, swali si "tulete mchele ama tusilete." Lazima uletwe, shamba letu halitoshi. Maswali ni matatu. Moja, kwa nini meli zisije baada ya mchele wa Mwea kununuliwa? Two, kibali cha kuleta mchele bila ushuru kimepewa nani, na kwa nini majina hayako mahali kila mtu anaweza kuyasoma? Tatu, ushuru ukiondolewa, ile punguzo inafika kwa gunia la ankoli ama inaishia kwa mfuko wa mwenye meli? Juu bei ikipanda inafika mtaani kwa siku tatu, lakini ikishuka hupotea njiani.

Nani analipa hiyo soo ya katikati?

Joint ndogo haiwezi kupandisha bei vile inataka. Ikifika soo nne, wewe utaenda kwa mama wa githeri ng'ambo ya barabara. Kwa hivyo inabana mahali pengine. Nyama inakuwa viazi vingi. Kijiko cha wali kinakuwa kidogo. Yule mkali wa jikoni anaambiwa angoje nyongeza hadi mwaka ujao, halafu mwaka ujao anaambiwa angoje. Ukishangaa dishi imebaki bei rahisi vipi, jibu liko hapo: kuna mtu nyuma ya pazia amelipa tofauti kwa niaba yako, na mara nyingi ni yule ana mshahara mdogo zaidi kwa hiyo nyumba.

Ndio maana inaniuma nikisikia mtu kwa foleni anasema "hawa Wahindi wanatunyonya" juu ya shilingi hamsini. Mwajiri akinyima mfanyakazi haki yake, aitwe kwa jina la kosa lake, awe Patel ama awe Kamau. Lakini tumewahi kuona mahali hasira ya jumla inaenda. Agosti 1982, jaribio la mapinduzi liliposhindwa, maduka ya Wahindi Nairobi yaliporwa na familia zikavamiwa. Bei ya unga haikushuka kesho yake.

Msee wa kaunta anaonekana, ndio maana ni rahisi kumkasirikia. Mwenye kibali cha tani elfu haonekani, na hiyo si bahati mbaya. Kwa hivyo bodi ikifutwa tena, lipa, kula, mpe yule wa jikoni salamu, halafu peleka hasira kwa mbunge wako ukiwa na swali moja tu: mchele wa bila ushuru ulipewa nani? Akikosa jibu, hapo sasa umejua ni nani alikula soo yako.